Funzo katika Maziwa ya Mbuzi: Manufaa Yake na Hadhari Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Katika Sura An-Nahl, aya ya 66, waja wametanabahishwa waizingatie neema ya maziwa, jinsi yatokavyo safi matumboni mwa wanyama. Na Mtume (S.A.W.) kabla ya utume alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka. Basi mnyama huyu si wa kudharauliwa.

Ajuaye nchi ya Singida huifahamu neema hii kwa macho. Nchi hiyo ya Wanyaturu na Wanyiramba ni kame. Mvua yake ni msimu mmoja, tangu Novemba au Disemba hata Aprili, kisha nyasi hukauka. Hapo ng'ombe hupungukiwa na maziwa. Lakini mbuzi huinua kichwa akala majani ya vichaka vya miiba, akapata cha kumpa mwanawe na mwenye nyumba.

Ama manufaa yake, katika gramu 100 mna kalsiamu miligramu 130 hivi, nayo huimarisha mifupa na meno; na protini gramu 3 na nusu, nayo huujenga mwili. Matone ya mafuta yake ni madogo, na yakiganda tumboni huwa laini, ndipo wengine huyaona mepesi. Lakini mwenye kudhurika kwa maziwa ya ng'ombe, akavimba au kuwashwa, asiyakimbilie. Aghalabu na haya humdhuru.

Hadhari ya kwanza ni kuyachemsha. Wako wasemao kuwa maziwa yakipikwa baraka huondoka. Neno hilo halina asili katika sharia. Katika kisiwa cha Malta mwaka 1887 tabibu David Bruce alikiona kijidudu cha homa iliyowaua askari wa Kiingereza. Mwaka 1905 tabibu Themistocles Zammit akakikuta katika mbuzi walioonekana wazima. Na mwaka 1906, askari walipozuiwa maziwa yale, homa ikapungua mno. Maradhi hayo, brusela, yamo katika mifugo ya Tanzania hata leo. Mgonjwa hushikwa na homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, ikadhaniwa ni malaria. Na kujitia katika maangamizo kumekatazwa. Basi maziwa yachemshwe mpaka yafure, ndipo yanywewe.

Hadhari ya pili ni mtoto mchanga. Sura Al-Baqara, aya ya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Maziwa ya mbuzi yana uchache mno wa foleti, nayo ni kitu kihitajiwacho katika kuumba damu. Mtoto asiyetimiza mwaka akilelewa kwa hayo tu, damu yake hupungua, na huenda akafa. Basi mume asimwamuru mkewe kumwachisha mtoto kwa kutumainia mbuzi. Mama akiwa hana maziwa, na aende kwa tabibu, au atafutwe mnyonyeshaji, na udugu wa kunyonya uhifadhiwe.

Ama masala ya fikihi: Imamu Nawawi katika Minhaj amekataza kukamua kiasi cha kumdhuru mwana wa mnyama. Chembe ya kinyesi cha mbuzi ikianguka katika maziwa wakati wa kukamua, wanazuoni wa Kishafi'i wameisamehe. Na aachaye kumkamua mbuzi ili kiwele kijae, mnunuzi adanganyike, amefanya haramu. Mnunuzi anayo hiari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Kutia maji katika maziwa ya kuuza ni ghishi vilevile.

Mwenye kunywa na aanze kwa Bismillahi, aombe baraka na ziada, kisha asukutue kinywa kwa ajili ya mafuta yake, kama alivyofanya Mtume (S.A.W.).

Wallahu aalam.