Kinywa Kinapowaka Moto

Ulimi unawaka kana kwamba umeunguzwa na chai, lakini ukijitazama kwenye kioo huoni kidonda wala wekundu. Maumivu hayo ni ya kweli. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Mara nyingi asubuhi kuna nafuu, kisha moto huzidi kadiri siku inavyokwenda. Wengine huhisi pia ladha chungu au ya chuma, na kinywa kukauka.

Chanzo ni nini?

Kwanza tafuta chanzo kinachotibika. Upungufu wa madini ya chuma, foleti au vitamini B12 huweza kuuchoma ulimi. Kadhalika kisukari, fangasi wa mdomoni, kiungulia na meno bandia yasiyokaa sawa. Dawa nazo zimo: baadhi ya zile za shinikizo la damu, kama enalapril na captopril, na metformin ya kisukari, ambayo ikitumiwa kwa miaka inaweza kupunguza B12 mwilini. Mweleze daktari kila dawa unayotumia, ila usiache yoyote kabla hajakuambia. Kupima wingi wa damu na sukari ni mwanzo mzuri.

Vipimo vikitoka safi na moto umedumu zaidi ya miezi 3, huenda shida iko kwenye mishipa ya fahamu ya maumivu na ladha. Hapo kujinunulia dawa ya fangasi hakutasaidia. Zipo dawa za kutuliza mishipa hiyo, ambazo daktari ndiye anayeziandika. Ushauri nasaha pia husaidia, kwani wasiwasi huzidisha maumivu.

Nyumbani ufanye nini?

Kunywa maji baridi kidogo kidogo, au mumunya kipande cha barafu. Tafuna bigijii isiyo na sukari ili mate yatoke. Punguza pilipili, achari, ndimu na ukwaju. Acha sigara, ugoro na pombe. Dawa ya meno yenye ukali ibadilishe kwa iliyo laini, na usisukutue kwa dawa yenye alkoholi.

Wahi hospitali

Hali hii yenyewe haigeuki saratani. Lakini kidonda kisichopona kwa wiki 3, doa jeupe au jekundu lisiloondoka, uvimbe au shida ya kumeza ni mambo ya kuonwa na daktari mapema.

Mama akikwambia ulimi wake unawaka, usimwambie anajidhania tu. Msindikize kliniki ya kinywa na meno, na mwende na dawa zake zote.