Paka Apigaye Chafya: Ni Mafua au Ni Vumbi?

Paka wa ghala si pambo. Penye magunia ya mahindi pana panya, na penye panya paka ni mfanyakazi kama alivyo mpishi. Basi paka huyo akianza kupiga chafya, yafaa tujue ana nini. Tangu nitoke shuleni nimekuwa nikimsaidia daktari wa mifugo hapa Uganda, na swali hili huulizwa mara nyingi. Leo nataka kuwaeleza jinsi ya kulijibu.

Kwanza tufahamu chafya ni nini. Ni njia ya mwili ya kufukuza kitu kinachochokoza ngozi laini ya ndani ya pua. Kitu hicho chaweza kuwa kirusi, chaweza kuwa unga. Pua haibagui, jawabu lake ni lile lile. Kwa hiyo chafya peke yake haisemi neno. Lazima tutazame mambo yanayofuatana nayo.

MAFUA. Mafua mengi ya paka huletwa na virusi vya namna mbili, navyo huitwa hepesi ya paka na kalisi. Huambukizwa kwa kugusana, kwa chafya, kwa kula chombo kimoja, hata kwa mikono yetu tunapomshika paka mgonjwa kisha mzima. Baada ya siku chache mgonjwa hupiga chafya, macho hutoa tongotongo, na kamasi iliyoanza kama maji huwa nzito, ya manjano au ya kijani. Hupata homa, hujikunyata pembeni, hukataa chakula. Hepesi hupenda kudhuru macho. Kalisi hutoa vidonda ulimini, na paka hudondosha udenda. Ugonjwa huchukua kama siku 7 mpaka 10, pengine zaidi.

MZIO. Mzio ni hali ya mwili kukasirikia kitu ambacho kwa wengine hakina madhara, kama vumbi au ukungu wa ukutani. Watu wengi hudhani paka mwenye mzio lazima apige chafya, lakini mara nyingi zaidi mzio wa paka huonekana katika ngozi: hujikuna na kujilamba mpaka manyoya yatoke. Lakini wako wanaopiga chafya, na wako wengi zaidi ambao hawana mzio wowote ila wamechokozwa tu na moshi wa kuni, unga, pilipili au dawa ya kupuliza mbu. Hao wote kamasi yao huwa maji safi, hawana homa, na chakula wanakula kama kawaida.

Nitatoa mifano miwili. Mwenye duka mmoja alileta paka aliyepiga chafya kila asubuhi. Tulimpima joto, likawa digrii 38.5, nalo ni la paka mzima. Macho yalikuwa safi, na samaki tuliyempa alimmaliza mara moja. Tukauliza chafya huanza saa ngapi. Akasema, "Nikifagia duka na kupima unga." Daktari akamshauri anyunyize maji kabla ya kufagia, na paka alale chumba cha nyuma. Chafya zikakoma bila dawa.

Wa pili aliletwa na mama mmoja mzee. "Mwanangu," akaniambia, "huyu ni moshi wa jiko tu; hata mwaka jana ilikuwa hivi hivi." Kweli paka mwenyewe alikuwa na chafya chache tu, tena akila vizuri. Nikamwuliza, "Mama, nyumbani kuna paka wengine?" Akajibu kwamba yuko na watoto watatu wa wiki tano, nao macho yameshikana hayafunguki. Hapo jambo likawa wazi, maana moshi haugandishi macho ya watoto watatu kwa pamoja. Paka aliyewahi kupata hepesi hubaki nayo katika mishipa ya fahamu maisha yake yote; akipata taabu, kama kuzaa na kunyonyesha, kirusi huamka, na mama huambukiza wanawe hali yeye mwenyewe haonekani mgonjwa sana. Watoto wawili walipona. Wa tatu alikufa, kwa kuwa alikuwa amekaa siku nyingi bila kunyonya.

Kwa hiyo, mtu akikuletea habari ya paka apigaye chafya, mwulize maswali haya matano:

1. Je, anakula?
2. Kamasi ni maji safi, au ni nzito yenye rangi?
3. Macho na ulimi vikoje?
4. Je, paka wenzake wanaumwa pia?
5. Chafya huja wakati au mahali maalum, au huja siku nzima?

Kamasi au damu ikitoka tundu moja tu la pua, hiyo ni habari nyingine: pengine jani limenasa ndani, au jino limeoza, au pana uvimbe. Huyo apelekwe kwa daktari.

Ukiona dalili za mafua, mtenge mgonjwa na wenzake, mpe chombo chake, nawa mikono. Mfute pua na macho kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu. Paka asiyenusa hali, basi mpashie moto chakula chenye harufu, kama mukene. Akikaa siku nzima bila kula, au akihema kwa shida, au jicho likiingia ukungu, usingoje. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Daktari huzitoa pale bakteria wanapoingia juu ya mafua. Iko chanjo ya hepesi na kalisi; haizuii maambukizo yote, lakini hupunguza sana ukali wa ugonjwa.

Neno moja nawasihi mlishike: msimpe paka parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja kama letu, nayo huharibu damu yake isiweze kuchukua hewa. Kidonge kimoja cha mtu mzima chatosha kumwua.

Basi, ndugu zangu, kuhesabu chafya hakutoshi. Tazama sahani yake, tazama macho yake, kisha watazame wenzake, hasa walio wadogo. Wao ndio wanaopotea tunaposema upesi, "Ni vumbi tu."