Gredi ya 10: Shule Huchaguliwa Kabla ya Mtihani

Mzazi wa Turi au Mariashoni anayefika ofisi ya wodi kuomba mtoto wake atafutiwe nafasi ya Gredi ya 10 huelekezwa kwingine, wala si kwa kukosewa heshima. Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za sekondari zilibaki kwa serikali ya kitaifa, na Wizara ya Elimu ndiyo hugawa nafasi.

Kazi ya mzazi huanza mtoto akiwa Gredi ya 9. Kundi la kwanza, lililoingia sekondari pevu Januari 2026, lilichagua shule katikati ya 2025, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa KJSEA. Mwanafunzi huchagua kwanza mkondo: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kisha huchagua masomo matatu, ndipo ageukie shule. Jina kubwa la shule halimsaidii mtoto anayetaka Kilimo ikiwa somo hilo halifundishwi huko. Mwulizeni mwalimu mkuu mapema.

Shule zilizochaguliwa zilikuwa 12. Tisa za bweni: tatu ndani ya kaunti ya nyumbani, sita nje yake. Tatu zilizobaki zilikuwa za kutwa, katika kaunti ndogo anakoishi mwanafunzi.

Hizi tatu ndizo hujazwa harakaharaka, kana kwamba hakuna atakayepelekwa huko. Lakini nafasi za bweni ni chache, na mtoto anaweza kujikuta katika shule ya kutwa iliyoandikwa bila hata kuulizia iko umbali gani. Anayeijua baridi ya Molo saa kumi na moja alfajiri, na barabara zake wakati wa mvua, ataelewa. Tembeleeni shule hizo kabla ya kuzijaza.

Hesabu ya pesa nayo ifanywe mapema. Serikali hutenga Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Katika shule ya kutwa mzazi hubaki na sare na chakula cha mchana. Katika zilizokuwa shule za kitaifa, karo ya bweni imekuwa Sh53,554 kwa mwaka. Hayo ni magunia mengi ya viazi.

Alama za kugawa nafasi hazitoki KJSEA pekee. Mtihani huo huchangia asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20.

Matokeo ya nafasi hutazamwa mtandaoni kwa nambari ya tathmini ya mwanafunzi. Asiyeridhika huomba kubadilishiwa katika muda unaotangazwa na Wizara, na hufanikiwa pale tu penye nafasi. Anayedai ada ya "kusukuma" jina aripotiwe kwa chifu au polisi. Fomu za basari ya NG-CDF hutolewa na ofisi ya eneo bunge. Nendeni na barua ya kujiunga na shule.