Kutoka Lodwar Hadi Mandera kwa Ndege

Atazamaye ramani ya Kenya ataona Lodwar iko magharibi ya Ziwa Turkana (lililoitwa Rudolf hadi mwaka wa 1975), na Mandera iko katika pembe ya kaskazini-mashariki, ipakanapo Kenya na Ethiopia na Somalia. Miji yote miwili ina kiwanja cha ndege. Je, ni mbali kiasi gani, na safari ni ya saa ngapi? Maswali haya hudhaniwa kuwa ni moja, lakini sivyo.

Umbali hupimwa hivi. Kutoka Lodwar kwenda mashariki hadi Mandera ni digrii sita na robo, na karibu na Ikweta kila digrii ni kama kilometa 111. Jumla ni 694. Mandera iko kaskazini zaidi kwa kadiri ya kilometa 90, lakini kwa kuwa ndege hukata mshazari, hizo haziongezi ila kilometa sita tu. Basi ni kilometa 700, yaani maili 435. Mstari huo hupita karibu na North Horr na Moyale, ukiambaa mpaka wa Ethiopia. Rubani asiye na ruhusa ya kuingia anga ya nchi ile hana budi kupinda kusini kidogo.

Ndege ndogo iendayo kilometa 300 kwa saa ingefika kwa saa mbili na dakika 20, kama hewa ingetulia. Lakini katika nchi ya Turkana upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kati ya milima ya Ethiopia na ile ya Kenya. Ukiipinga ndege kwa kilometa 40 kwa saa, safari huwa ya saa mbili na dakika 42. Wakati wa kurudi, upepo ule ule ukiisukuma, ni saa mbili na dakika nne.

Tena kuna jua. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, kwa hiyo jua hutua Mandera dakika 25 kabla ya kutua Lodwar, ingawa saa za ukutani husema mamoja.

Tuseme mwalimu wa Lodwar, mzaliwa wa Mandera, amepata habari asubuhi kwamba baba yake amefariki. Waislamu hawakawizi maiti, naye ataka kuwahi mazishi. Abiria wa kawaida hupitia Nairobi, jambo ambalo hufanya kilometa 700 kuwa zaidi ya 1,300. Na kama ndege ya Mandera imekwisha kuondoka, atalala njiani. Jamaa zake wakichanga fedha za kukodi ndege ndogo, swali la kwanza la rubani halitakuwa juu ya umbali. Huko Mandera jua hutua, kwa wastani, kama saa kumi na mbili na robo. Rubani atakaye kutua nusu saa kabla ya hapo, naye akipingwa na upepo tuliousema, yampasa awe ameruka Lodwar kabla ya saa tisa na dakika tatu za alasiri. Bado hajahesabu dakika za kutia mafuta.