Ripoti moja, sheria mbili

MAKAMPUNI makubwa ya Ulaya hutoa kila mwaka taarifa kuhusu mazingira na haki za wafanyakazi. Wengi huidhani taarifa hiyo kuwa ndiyo ukaguzi wa wauzaji wao. Sivyo. Taarifa humweleza mwenye hisa hali ilivyo. Sheria ya uangalifu huitaka kampuni itafute madhara kwa wauzaji wake, iyapunguze, ionyeshe matokeo.

Ufaransa imeyatia yote kapu moja. Sheria ya Machi 2017, iliyopitishwa baada ya jengo la Rana Plaza kuporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, inayabana makampuni yenye wafanyakazi 5,000 nchini humo, au 10,000 duniani. Mpango wa uangalifu lazima uwemo katika ripoti ya mwaka ya wakurugenzi.

Hapo ndipo La Poste, shirika la posta, liliponaswa. Mpango lilikuwa nao, tena umechapishwa. Lakini Desemba 2023 mahakama ya Paris ilisema orodha yake ya hatari ni ya jumla mno, haionyeshi ipi ishughulikiwe kwanza. Faini haikuwapo, shirika liliamriwa kuukamilisha mpango, pamoja na utaratibu wa kuwapima makandarasi. Juni 2025 mahakama ya rufaa ilikubali hukumu hiyo.

Kwa hiyo muuzaji wa maua au kahawa asishangae mnunuzi wa Kifaransa akimwuliza mara mbili: takwimu za ripoti, kisha ushahidi wa hatua. Jalada linaweza kuwa moja, mradi tarehe na malalamiko yaliyoshughulikiwa yawemo.