Dondoo muhimu: Mbwa wa malisho na ulinzi, Karatu na Ngorongoro

Mbwa akirudi kutoka malishoni, mkague kabla hajalala. Kupe hupenda ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya vidole; wang'oe kwa kibano, ukivuta taratibu, usiwapasue kwa kucha. Hapo hapo vidoleni tafuta miiba ya migunga. Vumbi jekundu la Karatu halina neno, brashi kavu yatosha. Kumwogesha kila siku humkausha ngozi. Dawa ya josho la ng'ombe usimpake kwa kukisia, maana mbwa hujilamba: muulize daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Omba pia ya distempa, ugonjwa wa mbwa unaoweza kuwafikia hata simba: mwaka 1994 virusi vyake viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa asiyechanjwa asiende malishoni.