Vigingi vya Mchu: Si Ziada, Bali Ni Pumzi

Mtu apitaye kando ya hori zetu wakati wa maji kupwa huona chini ya mti wa mchu vijiti vingi vimesimama topeni, mfano wa kalamu zilizochomekwa kwa vichwa vyake na ncha zikabaki juu. Watoto huviruka, wakata boriti hujikwaa navyo, na wengi wetu huvidhania kuwa ni miche iliyokufa. Katika somo hili tutabainisha kwamba vijiti hivyo ni mizizi ya mti wenyewe, na kwamba mwenye kuviziba huua mti mzima.

Kwanza yatupasa tujue kwamba viungo vinavyochomoza katika miili ya viumbe aghlabu vina kazi kubwa kuliko umbo lake. Tutazame ndani ya utumbo mwembamba wa binadamu. Hauko laini kama bomba, bali umejaa vinyuzi vidogo mfano wa mahameli, kila kimoja kiasi cha milimita 1 au pungufu. Kwa vinyuzi hivyo utumbo hupata nafasi kubwa ya kufyonza chakula. Vikisinyaa kwa maradhi, mtu hula akashiba, na mwili wake ukakonda.

Kadhalika matamvua ya samaki. Yana tanzu nyembamba zinazotandaa majini na kuvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki akitolewa nje, tanzu zile hugandamana. Akafa kwa kukosa pumzi, ilhali amezungukwa na hewa pande zote.

Sasa turejee topeni. Mizizi, kama viungo vinginevyo vyenye uhai, yahitaji oksijeni. Na tope la mikokoni halina hewa ila katika ngozi yake ya juu. Basi kila mti umepata hila yake. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu. Muia hukunja mizizi yake mfano wa magoti. Mlilana hutoa vigingi vinene, na mchu hutoa vyembamba. Mchu mmoja wa urefu wa mita 2 au 3 waweza kuwa na vigingi zaidi ya 10,000.

Juu ya vigingi na miguu hiyo mna matundu madogo mno. Maji yakipwa, hewa huingia kwa matundu hayo na kuteremka mpaka mizizi iliyozikwa. Maji yakijaa, matundu hufunikwa, na mizizi hutumia akiba iliyomo hata nguvu ya hewa ndani yake ikapungua. Maji yakipwa tena, hewa mpya huvutwa ndani. Hivyo mti huvuta pumzi pamoja na bahari, mara mbili kwa siku.

Mnamo mwaka 1955 mtaalamu Scholander na wenziwe walieleza jaribio walilolifanya. Walipaka grisi juu ya matundu ya mizizi ya mkoko, kisha wakapima hewa ya mizizi iliyo topeni. Katika muda wa siku mbili oksijeni ilikuwa imeshuka mno. Hawakukata jani wala tawi. Waliziba matundu tu.

Ndugu msomaji, zingatia jaribio hilo, kwani nasi twalifanya kila siku bila ya kupima. Mafuta yanayomwagika bandarini hupanda na maji na kuganda juu ya vigingi. Kifusi kinachomwagwa ufukweni ili kupata kiwanja huvifukia. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba yaliyokatwa miti nao huvifukia: baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, mikoko mingi ya hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ilikufa kwa kuzikwa na mchanga na matope.

Wenda mtu akasema: "Boriti zimeezeka nyumba za wazee wetu, na mikoko haikwisha." Ni kweli, na boriti si kosa ikiwa hukatwa kwa kipimo. Lakini mkoko ukikatwa shina hauchipuki tena, na tope lililofukiwa halioti mche. Serikali ya Kenya ilikataza kupeleka boriti nchi za nje tangu mwaka 1982. Lakini katazo hilo haliviokoi vigingi na mafuta wala kifusi. Hiyo ni kazi ya wenyeji, kama wafanyavyo watu wa Gazi, ambao tangu mwaka 2013 hulinda mikoko yao na kupanda mingine, na faida yake huitumia kwa maji na skuli za vijiji vyao.

Basi maji yatakapokupwa, teremka na wanao ufukweni, uwaonyeshe vigingi hivyo na kuwaambia ni nini. Kisha tazama ni nani anayemwaga taka hapo, na umwambie naye.